Mfalme Aliyekataa Mutobe

Mimi watu wakiniuliza kama nimewahi kuigiza, nawajibu: mara moja tu, nikanywa mutobe mpaka tumbo likataka kupasuka, halafu nikafukuzwa. Wanacheka. Wacha wacheke, hawakuwepo.

Mutobe ni maji ya ndizi mbivu kabla hayajachacha yakawa pombe. Sisi Waislamu wa Biryogo, hapa Kigali, pombe hatukuigusa, kwa hiyo mgeni wa heshima tulimpa mutobe, na mgeni wa kila siku tulimpa chai. Lakini awe nani, mwenye nyumba alionja kwanza. Unapiga funda moja mbele ya macho ya mgeni, unapangusa mdomo wa kikombe, ndipo unampa kwa mikono miwili. Soda nayo hufunguliwa mbele yako, uisikie mwenyewe ikipumua. Labda huko nyuma ilianzia kwenye hofu ya sumu, sijui. Mimi nilipokua ilikuwa adabu tu, sawa na kuvua viatu mlangoni.

Mama yangu alikuwa mjane na fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, pembeni ya cherehani birika la chai ya tangawizi, na pembeni ya birika jirani yetu. Yule mama, mjane vilevile, tangu nifungue macho, alikuwa sehemu ya baraza letu. Alikuja na kunde zake za kuchambua, akanywa chai yetu, akatusengenyea watu wa mtaa wa chini, na bila shaka akifika mtaa wa chini alitusengenya sisi. Jua likizama anajikung'uta maganda, anarudi kwake. Mama alionja, akampa, akanywa. Ndivyo tulivyoishi.

Oktoba ya mwaka wa tisini vita vya wakimbizi waliotaka kurudi nchini vikaingia kutoka upande wa Uganda. Mama alikuwa na kaka yake huko, aliyeondoka nchini kabla mimi sijazaliwa, hata picha yake hatukuwa nayo. Haikusaidia kitu. Askari walikuja asubuhi, wakampakia mama kwenye gari pamoja na watu wengine wa mtaa, wakamweka ndani wiki nyingi. Neno walilotumia ni ibyitso, yaani washirika wa adui walio ndani ya nchi. Aliporudi alikuwa amekonda, amevaa ndara za mtu mwingine. Aliketi, akatia mafuta cherehani, akaniambia niteleke chai.

Jirani akaja kumpa pole. Mama akamimina, akaonja, akapangusa, akanyoosha mikono miwili. Jirani akasema, "Ahsante dada yangu, leo nimefunga."

Tukasema sawa, ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi watu hufunga sunna. Kesho yake pia alikuwa amefunga. Wiki iliyofuata amefunga. Na mimi nilimwona kwa macho yangu haya anatafuna karanga mlangoni kwake mchana kweupe. Mama alijaribu kulifanyia mzaha. "Huyu kwa kufunga hivi," alisema, "ataingia peponi sisi bado tunatafuta viatu." Lakini hakucheka, na mimi sikucheka.

Sababu tuliijua. Maneno yalikuwa yanatembea sokoni, bombani, mwisho mpaka redioni, kwamba washirika wa adui wanawatilia watu sumu kwenye vinywaji, na kwamba waliowahi kukamatwa ndio wa kuangaliwa. Wateja waliendelea kuleta nguo, maana mama alikuwa na mkono mzuri, lakini waliongea wakiwa wamesimama na chai wakaikataa mmoja baada ya mwingine, nao wamefunga. Hakuna aliyetutukana. Laiti wangetukana, ningejua pa kurushia jiwe! Birika lilipoa kila siku, mama akaimwaga chai mferejini, na kesho yake akateleka nyingine. Siku moja nilimwambia, mama, acha basi, sukari yenyewe iko wapi. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Nikiacha kuteleka," alisema, "nitakuwa nimekubali kwamba ni kweli."

Sikumwambia tena.

Hali ikawa hiyo mpaka mwaka wa tisini na tatu, ndipo mwalimu mmoja wa sekondari akaniletea mimi, niliyekuwa nimeshajifunza ufundi wa mama, mapazia mawili mekundu nimshonee joho la kifalme. Mwalimu huyo alipenda michezo ya jukwaani kuliko alivyopenda kula. Alikuwa amechukua mchezo mmoja wa zamani sana wa Kizungu akautia kwenye Kiswahili chetu cha Biryogo. Hadithi yake nyepesi: jemadari anamuua mfalme wake na kukalia kiti chake. Akishakikalia, usingizi unamkimbia. Anamwogopa rafiki yake anayejua siri, anamuua. Anawaogopa ndugu wa rafiki, anawatumia watu. Anawaogopa wapishi, anaogopa milango ya nyumba yake mwenyewe. Hakuna aliyemfitini. Maadui wake aliwazaa mwenyewe, akawanyonyesha, na walipokua wakamtoa roho.

Ndani ya mchezo kuna karamu. Mwalimu alituambia kwamba katika kitabu mfalme anatishika mbele ya wageni wake, lakini hakuna anayeonja kinywaji. Yeye akaongeza kuonja, maana watu wetu wangeuliza hiyo karamu ya washenzi gani. Mtumishi wa kike anapiga magoti na kibuyu cha mutobe, anaonja, anampa mfalme kwa mikono miwili, na mfalme anakataa. Basi. Kwetu hilo linatosha. Kukataa kikombe kilichokwisha kuonjwa ni kumwita mwenye nyumba muuaji mbele ya watoto wake.

Msichana aliyepangiwa kuwa mtumishi wazazi wake wakamkataza kutoka, nyakati zilikuwa mbaya. Mwalimu akanitazama mimi niliyekuja kumpima mfalme mabega. Nilikubali kabla hajamaliza kuniomba. Nilitaka sana, sijui kwa nini nijifanye sikutaka. Nilitaka kupiga magoti mbele ya mtaa mzima, nionje, nitoe kikombe, na watu wamwone anayekikataa alivyo kichekesho.

Mfalme wetu alikuwa fundi wa gereji moja ya Gikondo, mtu wa miraba minne, sauti ya kutikisa mabati. Kila kitu alikiweza isipokuwa kuogopa. Akiambiwa aogope anatoa macho, anatetemeka magoti, anagonganisha meno. Mwalimu akamwambia, "Ndugu yangu, hiyo ni malaria. Mimi nataka hofu."

"Mwalimu, mimi sijui kuogopa," alisema, na wala hakuwa anajisifu. Alikuwa anasikitika kweli.

Aliyemfundisha alikuja mwenyewe kwa miguu yake. Kukusanya watu kulihitaji ruhusa ya konseye, mkubwa wa sekta yetu, na konseye akasema hatoi ruhusa mpaka auone mchezo. Akaja kwenye mazoezi na vijana wake wawili wasiocheka. Mwalimu kwa kiherehere cha kumkirimu akamfungulia Fanta huko huko dukani, akaja nayo mbio, kizibo hakipo. Mama we! Sote tuliliona kosa hilo isipokuwa yeye mwenyewe.

Konseye aliitazama ile chupa bila kuigusa. "Hii umefungulia wapi?"

Kijana wake mmoja akatumwa kuleta nyingine. Konseye akaishika mwenyewe, akaifungua karibu na sikio, akainamisha kichwa kusikiliza gesi ikitoka. Akatoa leso, akapangusa mdomo wa chupa. Akaukagua. Akapangusa tena, taratibu, kwa upole wa mtu anayempangusa mtoto makamasi. Halafu akaiweka chini ya kiti na hakuinywa. Mazoezi yalikwisha na ile Fanta iko pale pale imejaa, na yeye anajilamba midomo kwa kiu. Fundi wa gereji hakuondoa macho kwake.

Kesho yake, tulipofika kwenye karamu, mfalme wetu hakutoa macho wala hakutetemeka. Alinipokea kikombe, akakisikiliza. Akatoa kitambaa ndani ya joho, akapangusa, akakagua, akapangusa tena, akatabasamu kwa adabu, akakiweka chini ya kiti. Mwalimu alikaa chini kwenye sakafu akasema, "Hapo. Hapo hapo. Usiongeze kitu."

Lakini konseye naye alikuwa ameacha sharti lake, na sijalieleza. Alilitoa siku ile ile akiwa mlangoni, kwa Kiswahili chake cha mjini.

"Mchezo iko mzuri. Lakini mfalme hawezi kuogopa bure. Mfalme iko na akili. Kama anaogopa sumu, basi sumu iko." Akanielekezea kidole. "Huyu msichana ndiye ametia. Mfalme anamwambia akunywe, yeye anakataa, anatetemeka, watu wanajua ni yeye. Wanamkamata. Mfalme alikuwa na haki. Mkifanya hivyo, ruhusa iko."

Hofu yake aliipenda, jamani, alitaka mtu mwingine tu ailipie.

Alipokwisha kuondoka mwalimu hakuinua uso. Akasema tufanye, akasema ni sehemu moja tu, akasema la sivyo kazi yote hii inapotea, akasema ni mchezo tu. Hapo nikalipuka.

"Kwako ni mchezo, mwalimu! Wewe ukishuka jukwaani unakwenda kwako Rebero unakula ugali. Mimi nikishuka nakwenda kwa mama ambaye chai yake haina mnywaji mwaka wa tatu huu. Watu wakishaniona mimi, binti yake, natia sumu mbele yao, na mfalme anasifiwa kwa kunigundua, nani tena atamshika kikombe? Niambie! Nani atatufungulia mlango siku tukigonga?"

Maskini mwalimu. Alikuwa mtu mwema mwenye watoto wadogo. Nilimwonea huruma na nilitaka kumpiga na mkasi.

Nikamweleza mama yote, nikingoja aniambie jitoe. Aliendelea kukunja pindo. Halafu akauliza, "Ndani ya kikombe huwa mnatia nini?"

"Maji, mama. Tunayatia rangi kidogo."

"Maji!" Akaweka nguo chini. Sijamwona amekasirika vile hata aliporudi kutoka ndani. "Mbele ya watu wote hao unamkaribisha mfalme na maji ya rangi? Umelelewa wapi wewe?"

Akaagiza ndizi kwa dada yake aliyeko Ndera. Akaziivisha, akazimenya, akazikanda na majani mpaka zikatoa maji, akachuja kwa kitambaa cheupe. Tulikamua pamoja, mikono imetunata mpaka viwikoni, na hapo ndipo nilipomwambia nitakachofanya. Akaniuliza kama naogopa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Hata mimi. Ongeza majani."

Tulicheza Jumapili baada ya sala ya alasiri, katika ukumbi wa mabati nyuma ya soko. Watu walijaa mpaka madirishani. Konseye alikaa mbele kabisa na vijana wake. Mama alikaa katikati, na jirani yetu nyuma yake, viti viwili pembeni, mahali ambapo mtu anaweza kusema wamekuja pamoja na anaweza kusema hawakuja pamoja.

Karamu ikafika. Nikapiga magoti na kibuyu. Harufu ya ndizi mbivu ikajaa ukumbi, na nikasikia watu wanavuta pumzi, maana walitegemea maji. Nikamimina. Nikaonja. Nikapangusa. Nikatoa mikono miwili. Mfalme akapokea, akasikiliza kikombe, na pale ndipo alipotoa kitambaa na kupangusa, na kukagua, na kupangusa tena. Mtu mmoja wa nyuma akacheka, puu! Halafu wawili. Halafu safu nzima. Habari za ile Fanta zilikuwa zimeenea mtaani, na walikuwa wamemtambua mwenyewe. Konseye akageuza kichwa kushoto na kulia kutafuta kinachochekesha.

Mfalme akanirudishia kikombe kama tulivyoamriwa. "Kunywa wewe!"

Nilitakiwa nitetemeke, nikatae. Nilisimama. Nikakinywa. Sikukigida mbio, nilikunywa taratibu koo likionekana, mpaka mwisho, halafu nikakigeuza kikombe juu chini mbele ya watu wote. Tone moja likaanguka sakafuni. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anakunywa huyo."

Fundi wa gereji sikuwa nimemwambia. Alinitazama. Niliona akili yake inakwenda mbio, niliona ameelewa, na nikaona vilevile kwamba ana mke na kazi na konseye yuko mbele yake. Wallahi mpaka leo namwombea. Angeweza kupiga kelele "sumu" akamaliza. Badala yake alisema, "Kingine."

Nikamimina, nikanywa. "Kingine." Nikanywa. Akachukua kibuyu mwenyewe, akamimina kwa mkono wake mkubwa, nikanywa. Mara ya kwanza watu walicheka. Baadaye wakaacha. Mimi nimesimama nimeshiba, mdomo unang'aa, mzima wa afya, na mbele yangu mwanaume mkubwa aliyevaa mapazia, midomo imemkauka, anakizunguka kibuyu cha mutobe na hawezi kuonja. Mwisho alikaa kwenye kiti chake akasema polepole, sasa akiwatazama watu, "Basi. Mimi nimefunga."

Hilo hakufundishwa na mtu. Maneno hayo mtaa mzima ulikuwa unayatumia kwetu, naye alikuwa ameyasikia, na hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama chini. Sikuthubutu kumtazama jirani yetu.

Konseye alisimama akatoka kabla ya vita vya mwisho vya mchezo. Tulimaliza bila yeye. Mfalme akafa vizuri sana. Tulipokuwa tunakusanya vitu, konseye akarudi na vijana wake, akanisogelea mpaka nikahisi pumzi yake.

"Wewe msichana. Sumu ilikuwa wapi?"

"Nimeitafuta, Bwana Konseye," nikamjibu. "Nimeitafuta mpaka chini ya kikombe."

Ukumbi ulifungwa siku ile ile. Mwalimu alihamishiwa mbali, na mimi nikaambiwa nisionekane tena kwenye mkusanyiko wowote. Sikujali. Nilikuwa na hasira tamu, nilitembea nayo wiki nzima.

Barazani hakuna kilichobadilika mara moja. Birika likapoa, tukamwaga. Likapoa tena, tukamwaga. Halafu asubuhi moja jirani akaja na beseni lake la kunde, akaketi mahali pake pa zamani, akaanza kuchambua. Hakuomba msamaha na mama hakumdai. Kunde zilikuwa zimefika nusu aliposema, bila kuinua macho, "Leo sikufunga."

Mama akamimina. Akaonja, akapangusa, akampa. Jirani akanywa, akasema tangawizi imezidi. Mama akamwambia kama imezidi akapike kwake. Mimi niliingia ndani nikalia kwenye mto, nikatoka nimejipaka poda.

Aprili ya mwaka uliofuata ikaja. Sitasimulia yote, na anayetaka nisimulie yote anikome. Fundi wa gereji aliuawa, sijui hata alilala wapi. Konseye alikimbia baadaye na wenzake. Nasema hili tu: asubuhi wauaji walipoanza kuingia nyumba kwa nyumba, mimi na mama tulipita kwenye uwazi wa ua, tukagonga mlango wa jikoni wa jirani. Haukuchukua muda kufunguka. Hakutuuliza kitu. Alituingiza nyuma ya kuni, akatufunika na magunia, akakaa mlangoni na beseni lake la kunde anachambua, huku kelele za nje zinapanda na kushuka. Waliokuja aliwaambia yuko peke yake, akawauliza wana njaa gani ya kumtafuta mjane kama yeye. Wakaenda.

Walipokwenda, alisukuma magunia pembeni. Akamimina chai haraka haraka mpaka nusu ikamwagika, akampa mama kikombe. Halafu akajishika mdomo.

"Yarabi, dada yangu, nisamehe. Sikuonja."

Mama alikuwa amekwisha kuimaliza, anamnyooshea kikombe amwongeze.